Mbingu za Katavi ni Shule Isiyo na Ada

Tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita za mchana, jua liligeuka pete juu ya nchi yetu. Kivuli cha mwezi kilivuka Ziwa Tanganyika, kikapita katika Mkoa wa Katavi, kikaingia Mbeya na kuendelea kusini mashariki hadi Msumbiji. Huko Rujewa, wilayani Mbarali, watu walikusanyika kwa wingi, wanafunzi kwa wazee, wenyeji kwa wageni, kulitazama jambo hilo kwa miwani maalumu. Baada ya dakika kama tatu pete ilivunjika, mwanga ukarudi, na kila mtu akaenda zake.

Swali letu ni hili: watu walipokwenda zao, walikwenda na nini? Waliopata mtu wa kuwaeleza walikwenda na elimu. Walijua kwamba siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, umbo lake likaonekana dogo, likashindwa kulifunika jua lote. Wasiopata mtu huyo walibaki na hofu na uvumi. Na uvumi, ndugu wasomaji, si jambo la mchezo. Kanda hii ya magharibi imekwisha kuzika wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi tu. Mtu aliyezoea kuuliza sababu ya jambo hapumbazwi upesi na mpiga ramli.

Ndiyo maana twasema kwamba kuzitazama nyota si anasa ya wenye nafasi. Wakati wa kudai Uhuru tulitaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Ujinga ulitajwa kwanza, wala haujakufa.

Wako watakaotujibu kwamba nyota hazijazi tumbo. Lakini wazee wetu walilima kwa kuzitazama. Waswahili waliliita kundi moja la nyota Kilimia, jina linalotokana na kulima, nao wakasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Maneno hayo yanaweza kupimwa hapa hapa Mpanda. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha kukatika, Kilimia huzama pamoja na jua. Mwezi wa Juni huzuka alfajiri, wakati wa kiangazi. Mwezi wa Novemba huchomoza jioni, jua linapotua, na wakulima huwa wamekwisha kutayarisha mashamba. Hiyo ni elimu ya falaki, na haikuletwa na meli.

Tena mahali petu ni pazuri kwa kazi hii. Mpanda iko kama nyuzi sita kusini ya Ikweta, na kwa hiyo katika muda wa mwaka mmoja twaweza kuona karibu nyota zote za mbinguni. Katikati ya Mei, saa tatu za usiku, ukielekea kusini utauona Msalaba wa Kusini umesimama wima. Ukigeuka kaskazini utaziona nyota saba za Dubu Mkubwa. Mtu wa London hauoni Msalaba ule, na mtu wa Cape Town humwona Dubu kwa shida. Mwezi wa Julai kundi la Nge hupita juu sana, na Njia ya Maziwa hukata mbingu kama moshi mweupe. Kiangazi chetu ni kirefu, mawingu ni machache, na ukitoka kidogo nje ya mji giza ni la kutosha.

Hapana haja ya kungoja darubini kubwa. Galileo, mwezi wa Januari mwaka 1610, aliiona miezi minne ya sayari ya Mushtari kwa darubini ndogo aliyojitengenezea. Leo darubini ya macho mawili, kama ile anayobeba askari wa wanyamapori, yatosha kuionyesha miezi hiyo ikiegemezwa mahali pasipotikisika. Hata macho matupu yatosha kwa mambo mengi. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, tangu saa 2:30 hadi karibu saa 4, na kila mwenye macho aliweza kuuona ukiwa mwekundu bila chombo chochote.

Tena tunao watu ambao kazi yao huwakesha chini ya mbingu: wafanya kazi wa reli itokayo Kaliua, walinzi, madereva, na wakulima wanaochochea moto katika mabani ya tumbaku. Watu hawa wameziona nyota nyingi kuliko wasomi wengi. Wanachokosa ni mwenzao mmoja wa kuwatajia majina na sababu.

Basi yatupasa kuanza. Shule moja, tawi moja la chama, chama kimoja cha wafanya kazi, na wachague usiku mmoja kila mwezi ambao hauna mbalamwezi. Mwalimu wa jiografia aje na ramani ya nyota. Mzee aje na majina ya Kibende, Kikonongo au Kipimbwe, maana majina hayo yatapotea yasipoandikwa. Wataalamu tunao: Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amejitahidi kwa miaka mingi kuwaeleza wananchi habari za anga. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa mtu mmoja.

Muda wenyewe umepangwa tayari. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote huko Misri, Saudia, Yemeni na Somalia, na kwetu litapatwa sehemu tu. Tarehe 21 Mei 2031 pete ya jua itapita tena Tanzania. Tusisubiri siku hizo ndipo tuwaambie watoto kwamba kioo kilichotiwa masizi hakiwezi kuyalinda macho yao, na kwamba chini ya mwembe matundu baina ya majani huchora ardhini umbo la jua lililopatwa, wakaliona bila hatari.

Mtoto aliyezaliwa mwaka wa pete ya Rujewa atakuwa kijana wa miaka 14 au 15 pete ya pili itakapofika. Akikimbilia ndani na kufunga mlango siku hiyo, kosa litakuwa letu.