Hesabu ya Bao la Sataranji

Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, ametuhifadhia kisa cha Sissa bin Dahir, mwenye hekima aliyemwomba mfalme wa Kihindi punje moja ya ngano kwa nyumba ya kwanza ya bao la sataranji, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, hivyo hivyo hadi ya 64. Wasimuliaji huishia pale mfalme aliposhindwa kulipa. Hesabu yenyewe huachwa, nayo ndiyo urithi.

Jumla ni 18,446,744,073,709,551,615. Al-Biruni aliitaja katika Al-Athar al-Baqiya, mnamo mwaka 1000 hivi, wala hakujumlisha nyumba baada ya nyumba. Njia yake ni kuzidisha namba kwa nafsi yake: 2 huzaa 4, kisha 16, 256, 65,536, 4,294,967,296, na mara ya sita 18,446,744,073,709,551,616. Toa moja, umepata bao zima.

Ngazi hiyohiyo hufichua vigawo vya jumla hiyo. Anzia 2, uongeze moja kwa kila namba isipokuwa ya mwisho: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Zizidishe zote, utarudi kwenye jumla ileile. Tano za mwanzo ni namba tasa. Fermat aliidhania ya sita kuwa tasa pia. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417.

Mtoto wetu wa Muscat au London aweza kuyahakikisha haya kwa kalamu na karatasi. Na maneno atakayoyahitaji, hesabu, sifuri, sataranji, yametufikia kwa Kiarabu.