CHULEBUNI: JINA LIMEBADILIKA, UGONJWA NI ULEULE

Katika vitabu vya zamani, kuvu inayoleta chulebuni kwenye kahawa ya arabika huitwa Colletotrichum coffeanum. Katika vipya, Colletotrichum kahawae. Ndugu makatibu wasidhani ni magonjwa mawili. Chulebuni iliripotiwa kwanza Kenya mwaka 1922, na kuvu yake ikabandikwa jina la kuvu ya Brazili, nchi isiyo na ugonjwa huo! Wataalamu walipotambua kuwa ile ya Brazili haiozeshi buni mbichi, mwaka 1993 waliitenga hii ya Afrika na kuipa jina lililotokana na neno letu “kahawa”. Kwa hiyo dawa isikataliwe ghalani kwa sababu ya jina la zamani. Itazamwe tarehe ya mwisho wa matumizi.