Tanzia na Majina ya Marehemu katika Pwani ya Ruvuma

Katika nchi yetu ya pwani, kuanzia Mikindani na Msangamkuu hata Msimbati, pale maji ya Ruvuma yanapoingia baharini, mtu akifa mwalimu hujiwa na wazee kabla kaburi halijachimbwa. Husema, "Mwalimu, tuandikie maneno mawili matatu ya kusoma." Kazi hiyo tumeifanya miaka mingi, na twakiri ya kuwa kwa muda mrefu tuliifanya bila kujiuliza kitu hiki tunachokiandika ni nini, wala ni cha nani. Aliyetufumbua macho ni mjane mmoja, na habari yake tutaieleza mahali pake.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Tanzia asili yake ni neno la Kiarabu, taazia, na maana yake ni kuliwaza, kumpa pole aliyefiwa. Basi tangu mwanzo si habari ya maiti, bali ni faraja ya walio hai. Kadhalika neno marehemu: wengi hudhani maana yake ni mfu, kumbe ni "aliyerehemiwa", na asemaye "marehemu fulani" huwa ameomba dua kabla hajatoa habari. Kufariki ni kutengana na wenzio. Na hayati latokana na neno la uhai, ila siku hizi limewekewa wakubwa. Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika wilaya ya Masasi, alipofariki mwezi wa Julai 2020, alikuwa hayati Mkapa siku ile ile. Lakini mvuvi wa Msimbati hubaki marehemu tu. Sababu yake hatuioni, maana uhai waliokuwa nao ni mmoja.

Matanga nayo ni neno la kutazamwa. Watu hukaa matanga, kisha huyaondoa au huyaanua, kana kwamba ni kitu kilichotandikwa chini. Na kweli tanga ni mkeka wa kushonwa, na zamani ndilo lililovutwa juu ya mlingoti wa chombo. Waliofiwa walilala chini juu ya mikeka, na kukunjwa kwa mikeka kulikuwa ndiko kumalizika kwa msiba. Katika maneno haya yote hakuna hata moja lililofanywa kwa ajili ya kuweka kumbukumbu. Lugha yetu ina maneno mengi ya kumlilia mtu na kumwombea, lakini ya kumwandika daftarini ni machache, na hayo yenyewe, daftari, cheti na usajili, ni ya kuazima.

Habari ya kifo nayo ina adabu yake. Mjumbe hafiki mlangoni akasema, "Fulani amekufa." Husema, "Fulani hali yake si nzuri, njoni upesi," na msikiaji huelewa, akafunga mzigo wake bila kuuliza tena. Zamani za Radio Tanzania Dar es Salaam watu walikaa kimya matangazo ya vifo yalipoanza, maana redio ilikuwa ndiye mjumbe wa walio mbali. Atakayekumbuka matangazo yale atakumbuka ya kuwa marehemu alitajwa mara moja, kisha wakatajwa ndugu: fulani aliye Tanga, fulani aliye Kilosa, na shemeji yao aliye Mombasa. Hayo yalikuwa maandishi ya walio hai, wakiitwa waje nyumbani. Siku hizi kazi hiyo yafanywa kwa kipaza sauti cha msikiti, kwa kengele ya kanisa, na kwa simu.

Sasa twaingia katika jambo lenyewe, yaani majina. Mgeni aliyezoea daftari hudhani mtu ana jina moja, na kwamba jina hilo hufa naye. Kwetu sivyo. Mtoto huzaliwa akapewa jina. Akienda jando huliacha kule msituni, akatoka na jina jingine, na mtu amwitaye kwa lile la kwanza amemtukana. Akibatizwa hupata jina la mtakatifu. Akiwa Mwislamu ana jina la dini. Akizaa, mkewe na majirani humwita Baba Fulani. Na akiwa mtu wa heshima katika ukoo wa mama yake, huenda siku moja akalirithi jina la mjomba aliyefariki. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa desturi yao ya zamani wahesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa hiyo mrithi wa mtu alikuwa mpwa wake kabla ya mwanawe. Arithipo jina hurithi na nafasi yake, na deni lake, na hata utani wake. Watoto wa marehemu humwita baba kijana ambaye jana walicheza naye mpira.

Mfano mkubwa wa desturi hii tutauona tukiufuata mto Ruvuma mpaka juu, kwa Wayao wa upande wa Msumbiji. Livingstone aliondoka Mikindani mwaka 1866, na mwezi wa Julai mwaka ule ule akafika Mwembe, akapokewa na mtawala aitwaye Mataka. Mwaka 1890 afisa wa Kireno, Valadim, aliuawa kwa amri ya Mataka. Asomaye vitabu viwili hivi bila kuijua desturi atadhani ni mtu mmoja aliyeishi sana, na kumbe wa kwanza alikwisha kuzikwa, na aliyekuwa Mataka wakati wa Valadim ni mrithi wake. Padre Yohanna Abdallah wa Unangu, aliyekuwa Myao mwenyewe, aliona shida hii. Katika kitabu chake cha habari za Wayao, kilichochapwa mwaka 1919, aliwatenga hao akina Mataka mmoja mmoja, akataja na jina la kila mmoja kabla hajarithi. Twamheshimu kwa kazi ile, maana aliyajua yote mawili, jina lisilokufa na mtu aliyekufa.

Tarehe nazo zina shida yake, ingawa ni ndogo. Wazee wetu huhesabu kwa mambo yaliyotokea: vita vya Majimaji, vita vya Wajerumani na Waingereza, kimbunga kilichoipiga pwani ya Lindi mwaka 1952, na kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, makaburi yalipobaki mahameni. Mwenye kucheka hesabu hiyo na akumbuke kifo cha Livingstone mwenyewe. Wenziwe waliuzika moyo wake chini ya mti katika kijiji cha Chitambo, na Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya misheni huko Bara Hindi, akachonga maneno juu ya mti. Alichonga tarehe 4 Mei 1873. Vitabu vingi vyasema alikufa tarehe 1. Yule alikuwa karani mwenye elimu, aliyekuwa mahali pale pale.

Upande wa serikali una kumbukumbu za namna nyingine. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, wakati wa Waingereza, nayo ndiyo shina la sheria iliyopo. Kifo hutakiwa kuarifiwa katika muda wa siku 30. Afaye hospitali, hospitali hutoa karatasi. Afaye nyumbani, jamaa humwendea mtendaji wa kijiji, kisha msajili wilayani, na wakala wa serikali uitwao RITA, ulioanzishwa mwaka 2006, ndio wenye madaftari. Njia si ngumu kuieleza. Lakini siku 30 za kwanza ni siku za matanga, na kabla ya arobaini mtu akianza kuulizia karatasi hudhaniwa ana haraka ya mali. Kwa hiyo wengi hawaendi mpaka siku wanapoulizwa cheti.

Ndivyo ilivyomwelekea mjane tuliyemtaja. Mume wake alikuwa mkulima wa mikorosho. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, mzigo hunadiwa, na fedha huingia benki kwa jina lake. Mzee huyu alipeleka magunia yake, akafariki kabla ya fedha kutoka. Tuliitwa kuandika tanzia, tukaiandika vizuri, kwa kadiri ya majivuno yetu ya siku zile. Tukamtaja kwa jina la ubatizo na la baba yake, kama alivyoitwa kanisani. Watu walilia, nasi tukarudi nyumbani tumeridhika.

Baada ya miezi mama huyo alitujia na bahasha. Kadi yake ya chama ilikuwa na jina la jando. Kadi ya mpiga kura ilikuwa na jina alilolirithi kwa mjomba. Katika muhtasari wa kikao cha ukoo, unaotakiwa na Mahakama ya Mwanzo ili mtu ateuliwe msimamizi wa mirathi, wazee walikuwa wameandika jina la mjomba, kwa kuwa kwao ndilo jina hasa. Na cheti cha kifo kilikuwa na jina la tanzia yetu, maana mtu aliyepeleka habari alibeba karatasi ile ile iliyosomwa kaburini, akidhani maandishi ya mwalimu hayana kosa. Ofisi moja ilimwambia kwamba walikufa watu watatu, na yeye ni mke wa nani? Mama alijibu, "Mimi nilizika mmoja."

Ilimbidi kutafuta wakili wa kuapisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na mashahidi, na nauli ya mashahidi kwenda mjini na kurudi. Msimu mwingine wa korosho ulikwisha kuanza alipopata fedha za ule wa kwanza, na sehemu yake ilikwisha kuliwa na safari. Hatukuweza kumlaumu karani, kwa kuwa karani alisoma alichoandikiwa. Kosa la kwanza lilikuwa letu.

Tangu siku ile twaandika namna nyingine. Kwanza hatuandiki kwa kusimuliwa na wanaume peke yao. Wanaume barazani hutoa jina la heshima na sifa. Majina mengine yako ndani, kwa wanawake wanaolala na msiba, na hasa kwa dada mkubwa wa marehemu au shangazi zake, wanaojua alizaliwa mwaka gani wa njaa na alimfuata nani tumboni. Jina la jando twamwuliza aliyekwenda naye. Pili, twaandika majina yote kwa mfululizo, tukitaja na mahali lilipotumika kila moja: chamani, kanisani au msikitini, katika ukoo, katika kadi. Twaandika na jina la mama yake, ambalo karatasi nyingi za serikali hazina nafasi yake, nalo ndilo limtambulishalo mtu kwetu. Mwisho twafanya nakala mbili, moja ya kusomwa na moja ya kuwekwa sandukuni pamoja na kadi.

Walikuwapo walionung'unika. Mzee mmoja alituambia ya kuwa kumsomea mtu jina lake la utoto mbele ya kaburi ni kumvua nguo. Alikuwa na haki, na kwa ajili yake jina hilo sasa twaliandika katika nakala ya sanduku tu.

Mwaka jana tulimwandikia bibi mmoja wa karibu na Mahurunga, aliyezaliwa ng'ambo ya mto. Tulikusanya majina matano, tukajiona tumefika. Tulipokwisha kusoma, mdogo wake wa kiume, aliyevuka Ruvuma kwa mtumbwi asubuhi ile, alisimama akaomba radhi, akataja la sita. Tukaegemeza karatasi juu ya jembe la mchimba kaburi, tukaliongeza.