Pikipiki Inapokosa Umeme Ghafla

Dereva wa bodaboda anayeteremka usiku kutoka Newala kuelekea Masasi akipoteza taa, honi na indiketa kwa pamoja, asogee kando na kuzima swichi. Mara nyingi kasoro huwa kwenye betri au fyuzi. Mitikisiko hulegeza nyaya za betri. Zikazwe, na unga mweupe ulioganda kwenye vichwa vyake ufutwe. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile.

Wapo wanaofunga waya wa shaba au karatasi ya sigara badala yake. Taa huwaka, abiria hufurahi. Lakini kama nyaya zimegusana, hakuna tena cha kukata umeme, nazo huungua karibu na tenki la petroli. Fyuzi mpya ikikatika tena, pikipiki isukumwe hadi kwa fundi.