Mfupa Hausubiri Barabara Ifunguke

Mtu akianguka na pikipiki kwenye barabara ya Kalundu, Uvira, akavunjika fupa la paja, mfupa huo huanza kujitibu hata kabla ndugu zake hawajapata gari la kumbeba. Damu inayovuja kwenye ncha mbili zilizovunjika huganda palepale. Ndani ya bonge hilo hukusanyika seli za kinga, huchipua mishipa midogo mipya ya damu, na kazi ya kujenga huanza. Mwili hauulizi kama mpaka wa Burundi pale Gatumba uko wazi leo, wala kama njia ya Bukavu inapitika.

Mifupa mingi huunga. Taabu ni kwamba huunga jinsi ilivyolala. Ncha zikipishana, zitaunga zikiwa zimepishana na mguu utabaki mfupi; wayo ukiwa umegeukia nje, utabaki hivyo maisha yote. Kwa mtu mzima, kati ya wiki ya pili na ya tatu bonge la damu huwa limegeuka gegedu laini linaloshikamanisha ncha zile, kisha kalsiamu huingia na kulikaza. Fupa la paja la mtu mzima huhitaji miezi mitatu au zaidi. La mtoto mdogo huweza kushika kwa wiki sita au pungufu. Baada ya hapo, kwa miezi na hata miaka, seli za aina mbili hupokezana: osteoklasti humung'unya mfupa uliozidi, na osteoblasti hujenga pale panapobeba uzito. Daktari anayempata mgonjwa siku ya pili huunyoosha mfupa. Anayempata baada ya mwezi mmoja na nusu mara nyingi hulazimika kuuvunja upya kwenye chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo tunapozungumzia hospitali ya mifupa katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, tunazungumzia muda. Uvira, mji wa Kivu Kusini nchini Kongo, imebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa, nyumba zikifuata barabara ya taifa namba 5 kutoka Kavimvira hadi Kalundu. Kuelekea kaskazini barabara hiyo hupita Sange na Luvungi katika bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, kisha hupanda kwenda Bukavu, safari ya kilomita 125 hivi. Penye mteremko wa Ngomo njia ni mbaya kiasi kwamba kwa miaka mingi magari yalikatiza Rwanda, yakivuka mpaka mara mbili ili kufika mji wa jimbo lilelile. Mwezi Februari 2025 waasi wa M23 walipoiteka Bukavu na kushuka hadi Kamanyola, njia hiyo ikakatwa na vita. Kusini kuna Makobola, Mboko, Baraka na Fizi, na huko mvua kubwa ikiharibu barabara, mgonjwa hupakiwa kwenye boti. Bujumbura inaonekana kwa macho ng'ambo ya maji, lakini mpaka una saa zake, na siku nyingine hufungwa kabisa.

Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira hupokea mivunjiko hii pamoja na malaria, kipindupindu na akina mama wanaojifungua. Kitanda kimoja cha mgonjwa wa paja kinaweza kukaliwa miezi miwili. Tiba ya zamani, ambayo bado inatumika kwa haki kabisa pasipo na vifaa vingine, ni kuvuta. Daktari hupitisha msumari wa chuma kwenye mfupa wa muundi chini ya goti, akafunga kamba inayopita juu ya gurudumu dogo kwenye ukingo wa kitanda, na mwisho wa kamba huning'inizwa uzito, pengine mfuko wa mchanga uliopimwa. Kitanda huinuliwa upande wa miguuni kwa matofali, ili mwili wenyewe uvute upande wa pili. Misuli ya paja inayobana mfupa huchoka polepole, ikalegea, na ncha zikakaa sambamba. Kisha mgonjwa hulala chali wiki sita, nane, kumi na mbili. Goti hukakamaa, makalio hupata vidonda asipogeuzwa, na nyumbani mtaji wa dagaa huliwa mpaka ukaisha kwa sababu mke analala hospitalini kumpikia mumewe.

Njia ya pili ni chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa wenyewe, mbinu iliyoasisiwa na Mjerumani Gerhard Küntscher mwishoni mwa miaka ya 1930. Aliyewekewa chuma husimama kwa magongo baada ya siku chache. Kwa miaka mingi kikwazo kilikuwa mashine: ili skrubu za kushikilia chuma hicho zipate matundu yake, daktari alihitaji eksirei inayoonyesha picha mfululizo wakati wa upasuaji, na mashine hiyo ni ghali na haiendi bila umeme wa uhakika. Mwaka 1999 daktari bingwa wa Marekani Lewis Zirkle, aliyewahi kutibu majeruhi wakati wa vita vya Vietnam, alianzisha mjini Richland, jimbo la Washington, shirika lisilo la faida liitwalo SIGN. Chuma chao huja na fremu yenye matundu inayofungwa nje ya mguu. Fremu hiyo ndiyo inayomwonyesha daktari pa kutoboa, bila mashine ile. Hospitali hupewa vyuma bure, na kwa kila mgonjwa daktari hutuma picha za eksirei za kabla na baada, ili kazi yake ikaguliwe na akiba yake ijazwe. Vyuma hivyo vimetumika katika nchi zaidi ya 50, na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni mojawapo ya mahali vilipozoeleka.

Naupenda utaratibu huo, kwa sababu umeanza na hali ya hospitali kama zilivyo. Msaada unaoanza na mashine yenyewe mara nyingi huishia stoo ukisubiri vipuri.

Si kila mfupa uliovunjika unaofaa kuwekewa chuma ndani. Risasi huponda mfupa vipande vipande, na huingiza ndani ya nyama udongo, nyuzi za nguo na vijidudu. Familia nyingi hushtuka zinapoona daktari amekata nyama iliyokufa, akaosha kidonda kwa maji mengi, kisha akakifunika kwa bendeji bila kukishona. Hudhani mgonjwa wao ametelekezwa. Kumbe huo ndio msingi wa upasuaji wa majeraha ya vita unaofundishwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu: kidonda cha risasi kikishonwa siku hiyohiyo, uchafu hufungiwa ndani na usaha huanza. Huachwa wazi siku nne, tano hivi, kikafunguliwa tena katika chumba cha upasuaji, na kikionekana safi ndipo kinaposhonwa. Mfupa wakati huo hushikiliwa kwa plasta, kwa kuvutwa, au kwa vyuma vya nje vilivyopenyezwa kupitia ngozi. Usaha ukishaingia ndani ya mfupa, ugonjwa huo hudumu miaka: kidonda hufunga, kikafumuka, kikatoa vipande vya mfupa uliokufa.

Kabla ya hospitali, wengi hupita kwa waunga mifupa wa vijijini, na sioni sababu ya kuwabeza. Mfupa uliovunjika bila kutoboa ngozi na bila kuhama mahali pake, ukifungwa fito za mianzi na kutulizwa, utaunga vizuri. Hatari ni mbili. Ya kwanza ni kidonda kilichofika kwenye mfupa, ambacho lazima kiwahi hospitalini. Ya pili ni kubana mno. Mguu uliovunjika huvimba katika siku mbili za mwanzo, na fito zilizofungwa sawasawa asubuhi zinaweza kuwa kitanzi usiku. Damu isipopita, misuli huanza kufa ndani ya saa chache, na vidole vya mtoto aliyevunjika mkono hubaki vimekunjika kama kucha za ndege, au mkono wote ukakatwa kwa mvunjiko ambao ungepona wenyewe. Mafunzo ya siku moja kwa waunga mifupa kuhusu dalili hizo yangeokoa viungo vingi, tena kwa gharama ndogo sana.

Ukanda wa Maziwa Makuu una historia nzuri ya hospitali za mifupa zisizo za faida, ingawa Uvira yenyewe imebaki kati yake. Kule Gatagara, Rwanda, padri Joseph Fraipont, Mbelgiji aliyechukua uraia wa Rwanda na jina la Ndagijimana, alianza mwaka 1960 kuwakusanya watoto wenye ulemavu wa viungo. Leo ni hospitali maalumu ya mifupa na utengemao. Kisubi, Uganda, kando ya barabara ya Entebbe, hospitali ya CoRSU ilifunguliwa 2009. Kijabe, Kenya, shirika la CURE lilifungua 1998 hospitali yake ya kwanza ya watoto. Goma, daktari bingwa wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn walianzisha mwaka 2000 kazi iliyokuja kuwa HEAL Africa. Lava ya Nyiragongo ikaiharibu hospitali yao Januari 2002, wakajenga tena. Na Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, chenye karakana ya miguu ya bandia inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu.

Kutokutafuta faida kuna maana kubwa katika tiba hii kuliko wengi wanavyofikiri. Mgonjwa wa mifupa hukaa muda mrefu, hana kipato katika muda huo, na akitoka bado anahitaji mazoezi ya viungo, magongo na kurudi kukaguliwa. Hospitali inayoishi kwa malipo ya mgonjwa papo hapo itamruhusu mapema, au itamzuilia wodini kwa sababu ya deni, na desturi hiyo ya kuwazuilia wenye madeni inajulikana vyema Kongo.

Chukua mguu wa bandia. Fundi huchukua umbo la kigutu kwa bendeji za jasi, akamimina jasi ndani yake, akapata mfano wa kigutu chenyewe. Hukwangua hapa, akaongeza pale, ili uzito uangukie panapovumilia. Halafu huweka bamba la plastiki ya polipropilini ndani ya tanuri la nyuzi 180 hivi mpaka lilegee, akalitandaza juu ya mfano huo huku pampu ikinyonya hewa ili ling'ang'anie kila kona. Msalaba Mwekundu uliendeleza mbinu hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa Kambodia, kwa sababu plastiki hiyo ni rahisi, huvumilia unyevu, na mabaki yake huyeyushwa tena. Lakini mtoto hukua: atahitaji mguu mpya kila miezi sita au kila mwaka, na mtu mzima kila baada ya miaka mitatu mpaka mitano. Mtoto wa Baraka aliyekatwa mguu akiwa na miaka saba atakuwa mteja wa karakana hiyo maisha yake yote. Nani atamlipia nauli?

Hapa ndipo ninaposimama. Upasuaji mkubwa na karakana vinaweza kubaki Bukavu au Goma, lakini kuna kazi ambazo hazina sababu ya kuvuka Ngomo. Mguu kifundo ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja au wawili huja na wayo uliopindia ndani na chini. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwamba hakuna haja ya upasuaji mkubwa. Mtoto ananyonya, ametulia. Mhudumu anasukuma wayo polepole kwa vidole, dole gumba likiwa limetulia upande wa nje wa kifundo, kisha anazungusha jasi kutoka vidoleni hadi pajani. Vidole huachwa wazi ili rangi yake ionekane. Wiki inayofuata plasta huondolewa, wayo husogezwa kidogo tena, plasta mpya. Baada ya plasta tano, sita, saba hivi, mara nyingi hubaki kano ya kisigino tu, nayo hukatwa kwa ganzi ya mahali pamoja na kuachwa iunge kwa wiki tatu ndani ya plasta ya mwisho. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, karibu muda wote kwa miezi mitatu, halafu usiku tu mpaka afikishe miaka minne au mitano.

Mwaka 2005 matokeo kutoka Malawi yalionyesha kwamba maofisa tabibu wa mifupa, wasio madaktari bingwa, wanaifanya kazi hii vizuri. Uganda nayo iliwafundisha wahudumu wake wa wilaya. Vinavyohitajika zaidi ni jasi, ndoo ya maji, mtu aliyefunzwa, na siku moja ya wiki inayojulikana na wote. Kwa nini siku hiyo isiwepo Uvira, na nyingine Baraka?

Wasimamizi wa afya wa jimbo na mashirika yanayofika pwani hii wanaweza kuianzisha siku hiyo bila kujenga ukuta hata mmoja. Nanyi wazazi na wakunga wa Uvira, Sange na Mboko, mkaguzi wa kwanza ni ninyi. Aliyefungwa fito au plasta akilalamika maumivu yanayozidi, vidole vikawa baridi, vyeusi au vyenye ganzi, legezeni usiku huohuo, msingoje kukuche, kisha mkimbizeni hospitalini. Na mtoto akizaliwa, mtazameni nyayo zake kabla ya kutoka wodini. Zikiwa zimepinda, msikubali kuambiwa atanyooka akikua.