Kompyuta ya Picha Inapojikokota

Kama umewahi kufiwa huku kwetu basi unaijua Alhamisi ya studio. Mazishi ni Jumamosi, kijitabu cha mazishi bado hakijachapishwa, na watu wa familia wamekaa kwenye benchi wakimtazama kijana wa kompyuta. Anabonyeza, kiduara kinazunguka. Anangoja, kiduara bado kinazunguka. Mama mmoja anauliza, "Mwanangu, imekwama?" Kijana anajibu, "Hapana mama, mashine imezeeka tu, mnivumilie kidogo."

Tumekaa kwenye benchi kama hilo Kitale, na tumekaa Bungoma pia. Jibu tunalopewa ni hilo hilo: mashine imezeeka, dawa yake ni kununua nyingine. Kijana mmoja wa Bungoma alifanya hivyo. Alikopa pesa kwenye chama chake, akanunua kompyuta ya mtumba ambayo aliambiwa ina prosesa kali. Wiki ya kwanza alifurahi. Wiki ya pili kiduara kikarudi. Kumbe ile kompyuta mpya ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4, sawasawa na ile aliyoiacha. Kazi bado inachelewa na deni bado analilipa. Kwa hiyo tumeona afadhali tuzungumze jambo hili kinaganaga, maana mara nyingi ugonjwa hauko pale mtu anapodhani.

Ndani ya kompyuta kuna mahali pawili pa kuweka vitu. Kuna diski, ambayo inahifadhi kazi zako hata stima ikipotea. Halafu kuna kumbukumbu, ile mafundi wanaiita RAM, ambayo inashika kile unachokifanyia kazi sasa hivi. Sisi watu wa mahindi tutaelewa haraka: diski ni ghala, kumbukumbu ni turubai unalotandaza uani ukichambua. Turubai likiwa kubwa unamwaga gunia zima na unachambua mbio. Likiwa dogo unachota debe moja, unachambua, unalirudisha ghalani, unachota lingine. Mchana mzima unapita ukitembea, na mtu akikuona atadhani huna nguvu. Mikono yako haina shida. Turubai ndilo dogo.

Sasa, picha moja inakula nafasi gani? Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Wanaangalia faili kwenye diski, wanaona megabaiti 8, wanasema hii ni ndogo. Lakini picha za JPEG zimekunjwa kama shati ndani ya mfuko. Ukiifungua kwenye Photoshop inakunjuliwa yote. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha yenye pikseli 6,000 kwa 4,000, na kila pikseli inahitaji baiti 3 za rangi. Hiyo ni megabaiti 72 kwa picha moja. Ukinakili picha nzima kwenye tabaka lingine, ongeza 72. Matabaka matano yaliyojaa ni 360, na Photoshop inaweka pia kumbukumbu ya hatua ulizopitia ili uweze kurudi nyuma. (Matabaka yenyewe yaliingia Photoshop mwaka 1994. Kabla ya hapo, ukibandika kitu juu ya picha ndiyo basi, kimeshikana nayo.) Kwenye mashine ya gigabaiti 4, Windows peke yake inaweza kuchukua karibu nusu. Fungua na intaneti, nyimbo za YouTube na WhatsApp ya kompyuta, turubai limekwisha.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, pima. Fungua kazi nzito kama unavyofanya kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Chagua palipoandikwa "Performance". Kama "Memory" imefika asilimia 90 na zaidi, na "Disk" inagonga 100 kila unapobonyeza kitu, umepata jibu: kumbukumbu imejaa na kompyuta inatembea ghalani. Photoshop yenyewe nayo inasema. Chini ya dirisha la picha kuna kimshale kidogo. Kibonyeze uchague "Efficiency". Ikisoma asilimia 100, kumbukumbu inatosha. Ikishuka chini ya hapo na kukaa chini, inaazima nafasi kwenye diski. Lakini ukiona "CPU" iko juu sana na wewe hufanyi chochote, hiyo ni habari nyingine, tutaifikia.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Picha ya marehemu inayochapishwa sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli kama 1,180 kwa 1,770 tu, kwa kipimo cha 300 kwa inchi. Hiyo ni megabaiti 6 hivi badala ya 72. Basi ipunguze kwanza, halafu ndiyo uanze kusafisha uso na kubadilisha mandhari ya nyuma. Tumeona vijana wakifanya kinyume: wanahangaika saa nzima na picha kubwa, wanaipunguza dakika ya mwisho.

Mabango ndiyo yanaua kabisa. Mtu anaagizwa bango la harambee la mita 2 kwa mita 1, naye anafungua ukurasa wa 300 kwa inchi kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Ukurasa huo ukiwa mtupu tayari ni zaidi ya megabaiti 830. Bango linasomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Weka 100 kwa inchi. Itakuwa karibu megabaiti 93, sehemu moja tu kati ya tisa, na hakuna mpita njia atakayeona tofauti.

Kwenye "Preferences" kuna kipimo cha kumbukumbu ambayo Photoshop inaruhusiwa kutumia, kwa kawaida asilimia 70. Wengine hukisukuma hadi 100 wakidhani wanasaidia. Wanainyang'anya Windows chakula, na mashine nzima inalala. Kiache karibu na hapo 70, ila punguza idadi ya hatua za kurudi nyuma kutoka 50 hadi 20.

Tuje kwa stima, maana sisi tunaijua. Photoshop ikifanya kazi inaandika faili za muda kwenye diski, na ukiifunga vizuri inazifuta. Stima ikipotea ghafla haipati nafasi ya kuzifuta. Zinabaki, nyingine za gigabaiti kadhaa, na kila siku ya giza inaongeza nyingine, mpaka siku moja unaambiwa diski imejaa nawe hujui imejazwa na nini. Funga Photoshop kwanza. Kisha bonyeza alama ya Windows pamoja na R, andika %temp%, utaona faili zinazoanza na "Photoshop Temp". Futa hizo. Na usidanganywe ati hamisha kazi ya muda kwenda D. Kama D ni kipande cha diski ile ile, utapata nafasi lakini mwendo hautaongezeka. Flashi nayo usiitumie kwa kazi hiyo, ni ya polepole na itakufa mapema.

Ikiwa umefanya yote hayo na bado, sasa toa pesa, lakini kwa mpangilio. Anza na kumbukumbu. Gigabaiti 8 ndicho kiwango cha chini kwa Photoshop za siku hizi, 16 ni raha. Chomoa kipande cha zamani uende nacho dukani, kwa sababu DDR3 haiingii mahali pa DDR4, na cha leptopu si cha kompyuta ya mezani. Leptopu nyingine nyembamba kumbukumbu zao zimechomelewa, haziongezeki. Uliza kabla ya kununua. Baada ya kumbukumbu, badilisha diski inayozunguka uweke SSD. Ile ya kuzunguka inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, na inashuka sana ikirukaruka huku na huku. SSD ya kawaida inafika 500. Prosesa iwe ya mwisho.

Na ile "CPU" iliyo juu bila kazi? Mara nyingine ni Windows inajisasisha, iache imalize. Mara nyingine ni mdudu aliyeingia na Photoshop ya kuvunja kufuli. Hatutawahukumu vijana, bei tunaijua, lakini nakala za namna hiyo zinaweza kubeba wageni wanaotumia mashine yako kwa faida yao. GIMP ni ya bure na halali. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliianzisha mwaka 1995. Itakuchukua wiki kadhaa kuizoea. Mashine pia hupunguza mwendo yenyewe ikipata joto, na vumbi la kiangazi la Trans Nzoia linaziba feni kabisa, kwa hiyo ifungue ipulizwe. Baadhi ya leptopu hupunguza mwendo zikitolewa betri au zikipewa chaja isiyo yao.

Jambo moja tunaliomba sana. Tumesema punguza picha, lakini usiihifadhi juu ya ile ya asili. Tumeona familia iliyoleta picha moja tu ya mama yao. Kijitabu kilitoka kizuri. Baada ya arobaini wakarudi wakitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni, na studio ilikuwa imebaki na ile ndogo pekee. Ilipokuzwa, uso ukawa vigae. Picha ikifika tu, inakili kwenye folda nyingine na kwenye flashi, uandike jina la familia na tarehe. Kisha tumia "Save As", upe ile ndogo jina lake.