Moto Nao Hupumua

Kitendawili!

Mmesema tega? Haya, natega. Mgeni ameingia chumbani kwangu bila kupiga hodi. Simwoni. Simsikii. Simnusi. Na bado yumo.

Mmeshindwa? Nipeni mji basi. Mmenipa Katoro? Ahsanteni. Nimekwenda Katoro, nimekula michembe, nimekula karanga, nimeshiba. Sasa jibu linakuja, ila linakuja kwa miguu. Sogeeni hapa uani tulisubiri.

Huko Geita palikuwa na nyumba mpya. Mwenye nyumba alikuwa mchimbaji mdogo. Duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, lilimpa dhahabu kidogo, naye akajenga: bati jekundu, dari nyeupe, madirisha ya vioo. Pembeni ilibaki nyumba ya bibi, ya udongo na nyasi.

Jikoni walikaa watatu: Jiko la Mkaa, Mtungi wa Gesi na Dirisha.

Jiko alipenda kulalamika. "Nina njaa! Nakula mkaa, nakula na hewa. Mkaa bila hewa haushuki."

"Mjomba, kwani moto unakula hewa?"

Aa, hilo swali la mtu mzima! Mwombe mama awashe mshumaa, kisha aufunike kwa bilauri. Tazama. Mwali unanywea, unanywea, umezimika. Nta bado ipo. Utambi bado upo. Kilichopungua ni hewa safi. Moto nao hupumua, mwanangu. Pumzi iingie, pumzi itoke.

Usiku mmoja mvua ilinyesha, baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa. Watoto wa nyumba ile wakamtazama Jiko. Makaa yake yalikuwa mekundu, moshi hakuna.

"Tumwingize chumbani atupashe joto," wakasema. "Tufunge mlango, tufunge na dirisha, joto lisitoroke."

Dirisha akalia, "Msinifunge! Mimi ndiye pua ya nyumba!"

Nani husikia kilio cha dirisha? Bibi alisikia. Alikuja mbio na khanga kichwani. "Jiko hilo nje! Libaki barazani!"

"Lakini bibi, halitoi moshi."

"Ndiyo maana naliogopa," akasema bibi.

Jiko akainamisha kichwa. "Bibi hakukosea. Nina moshi mnaouona, na nina mwingine msiouona. Huo hauna rangi, hauna harufu. Hata nikiwa mwekundu hivi, unatoka. Nikifungiwa nikakosa hewa, unatoka zaidi."

Mmemwona mgeni wetu? Jina lake ni kaboni monoksidi. Jina refu kama treni ya Tabora, lakini mwenyewe hana hata kivuli.

"Mjomba, anafanya nini huyo mgeni?"

Vizuri umeuliza. Ninyi watoto wa Shinyanga baiskeli mnazijua. Basi ndani ya damu yako kuna baiskeli nyingi, nyingi mno. Kazi ya kila moja ni kubeba abiria mmoja, hewa safi iitwayo oksijeni. Inampakia kifuani, inampeleka kichwani, inampeleka moyoni, inampeleka miguuni. Akifika anashuka, baiskeli inarudi kuchukua mwingine.

Kaboni monoksidi akiingia, anarukia kiti cha nyuma. Hashuki upesi! Ananing'inia pale kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Baiskeli nyingi zinajaa wageni wasioshuka upesi. Oksijeni anabaki kituoni. Kichwa kinamsubiri. Moyo unamsubiri.

Hapo kichwa kinauma. Macho yanaona kizunguzungu. Tumbo linachafuka. Kisha unakuja usingizi mzito, na huo ndio mbaya kuliko vyote. Aliyelala hawezi kufungua dirisha. Kwa hiyo mkiwa ndani na moto, vichwa vikaanza kuwauma wawili watatu kwa pamoja, msiseme ni malaria. Tokeni nje kwanza. Iteni watu wazima. Nendeni hospitali.

"Mjomba, mbona bibi alipika ndani miaka yote?"

Lo, leo mmeniweza! Nyumba ya bibi ina paa la nyasi, na nyasi zina matundu. Nyumba ile ilipumua kwa kichwa chake. Hata hivyo macho ya bibi yalitoka machozi, na kifua chake kilikohoa. Nyumba mpya ni kama sufuria yenye kifuniko. Kilichomo kimo. Ndiyo maana ukijenga nyumba nzuri, uijengee na pua.

Baba yao aliporudi kutoka machimboni akasikia habari ile, akakaa chini. "Mambo haya ndiyo yale yale ya duarani," akasema. "Sisi hatushushi pampu ya petroli shimoni. Injini nayo inakula hewa, nayo inamtoa mgeni huyo. Inabaki juu, mipira ndiyo inashuka."

Shimo na chumba ni ndugu. Kule Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, dhahabu inachimbwa chini sana ardhini, na mashine kubwa za upepo husukuma hewa kwenda chini na kuitoa iliyochoka. Pumzi iingie, pumzi itoke.

Na zamani, kabla ya vipimo vya umeme, wachimbaji walimgunduaje mgeni huyu? Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja wa Uskochi, John Scott Haldane, alichunguza hewa za migodini. Akashauri wachimbaji washuke na viumbe wadogo. Wakamchagua chiriku. Chiriku ana mwili mdogo na anapumua haraka, kwa hiyo sumu humpata kabla ya mtu. Akilegea tu, watu wanapanda juu. Uingereza iliwatumia chiriku migodini hadi mwaka 1986. Ndege mdogo, kazi kubwa!

"Mjomba, kuna watu wanaoweka moto ndani makusudi?"

Wapo. Canada, theluji hufika magotini, kwa hiyo nyumba nyingi zina tanuri la gesi la kupasha joto vyumba vyote. Lakini haliwekwi ovyo. Fundi aliyesomea ndiye hulifunga. Analiwekea bomba la kutoa hewa chafu mpaka nje ya ukuta. Theluji ikiziba bomba, wenye nyumba huifukua haraka. Na ukutani kuna chiriku wa siku hizi, kengele ndogo inayopiga kelele mgeni akiingia.

Mtungi alikuwa kimya muda wote. Sasa akakohoa.

"Na mimi nisikilizeni, maana nazidi kuja." Kweli anazidi. Mwaka 2024 serikali ilitoa mkakati: ifikapo 2034, Watanzania 80 kati ya kila 100 wapike kwa nishati safi. "Mimi si mkorofi, ila nina tabia zangu. Nisimamisheni wima, msinilaze. Ndani yangu kuna maji ya gesi. Gesi yangu ni nzito kuliko hewa. Nikivuja sipandi darini. Natambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, najificha kwenye pembe."

"Tutakujuaje?"

"Kwa harufu. Gesi yangu haina harufu. Kiwandani wananitia harufu mbaya makusudi, ili pua zenu zinikamate. Mkiinusa, msiwashe kiberiti. Msiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima. Fungueni mlango na dirisha, tokeni, mwiteni mkubwa anifunge. Zimamoto wanapatikana kwa namba 114."

"Na mpira wako?"

"Fundi aupake maji ya sabuni. Yakitoa mapovu, hapo panavuja. Utazameni na mwali wangu. Ukiwa wa bluu, napumua vizuri. Ukiwa wa njano na sufuria ikiota masizi, sipumui vizuri. Msinitumie kupika, mwiteni fundi."

Kesho yake fundi alikuja. Akatoboa ukuta wa jikoni mara mbili. Tundu moja chini, karibu na sakafu, ili gesi ikitambaa itoke. Tundu jingine juu, karibu na dari, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Akayafunika yote mawili kwa wavu, panya asiingie. Jiko wakamwekea nafasi yake barazani. Akashukuru, maana huko alikula hewa mpaka akashiba.

Na ninyi mmekula maswali mpaka mmeshiba, hongereni! Mtoto anayeuliza ni taa ya nyumba. Lakini mpwa wangu mdogo bado hajalala. Ananivuta shati.

"Mjomba, kitendawili!"

Tega.

"Nyumba yangu ina pua mbili. Moja iko miguuni, moja iko kichwani."

Nikajifanya nimeshindwa. Nikampa mji, nikampa Kahama yote. Akacheka, akakimbilia jikoni kunionyesha matundu.